Majitaka ya Vilimani, Maji ya Kunywa ya Visiwani

Mwananchi wa Goziba, Bumbire au Ukara atekapo ndoo yake ya maji alfajiri, hana habari na Omurushaka. Hajafika huko, na pengine hatafika. Naye mkazi wa Omurushaka, amwagapo beseni lake la maji ya kufulia nyuma ya nyumba, hana habari na Goziba. Hatumlaumu hata mmoja wao. Lakini maji yenyewe yanaijua njia, na njia hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo mbele ya wenzetu wa visiwani na mbele ya viongozi waliokabidhiwa dhamana ya kuilinda.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zimo katika bonde la mto Kagera. Mto huo hupita Rusumo, ukafuata mpaka wetu na Rwanda kuelekea kaskazini, ukapinda mashariki kwenye mpaka wa Uganda penye Murongo, ukaingia nchini hadi Kyaka, kisha ukarudi tena upande wa Uganda na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria hatua chache kutoka mpakani. Hakuna mto unaoingia ziwani ulio mkubwa kuliko huo. Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Kayanga, Nkwenda, Kaisho na Isingiro, na maji ya mvua yanayoosha barabara, masoko na vyoo vya huko, mwisho wake ni bonde hilo hilo.

Wapo watakaosema kwamba mdomo wa Kagera uko Uganda, na kwa hiyo hayo ni mambo ya wengine. Watu hao wamesahau magugu maji. Yalipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia yake kubwa ilikuwa ni mto huu huu wa Kagera. Hayakuuliza mpaka uko wapi. Yalielea, yakaota, yakafunga magati, yakazuia mitumbwi na kuziba maeneo ya kutegea nyavu, kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Serikali zetu 3 zilitumia miaka mingi na fedha nyingi kupambana nayo. Jambo lililoteremka kimyakimya kutoka vilimani likawa balaa la ziwa zima.

Hata hivyo tusitie chumvi. Wekundu wa maji ya Kagera wakati wa masika hautokani na vyoo vya Karagwe. Sehemu kubwa ni udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba ya nchi 4: Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Miji ya Kayanga na Omurushaka bado ni midogo, na Rubwera, makao makuu ya Kyerwa, ni midogo zaidi. Mtu atakayewaambia wavuvi wa Bumbire kwamba majitaka ya miji hiyo ndiyo yanayowaua samaki wao atakuwa anawadanganya. Tunaandika si kwa sababu madhara yamekwisha kuwa makubwa, bali kwa sababu sasa hivi yanazuilika kwa gharama ndogo, na gharama hiyo itapanda kila mwaka tunaokaa kimya.

Kwa nini sasa? Kwa sababu maji yanakuja. Kwa miaka mingi wananchi wa Karagwe walililia mradi wa kuvuta maji kutoka ziwa dogo la Rwakajunju. Hatimaye mradi huo ukaingizwa katika mpango wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa saini Dodoma mwezi Juni 2022. Hilo ni jambo jema, na kila mwanamke aliyepanda kilima na ndoo kichwani anajua wema wake. Lakini wahandisi wa maji wana kanuni yao ya zamani: katika kila lita 10 zinazoingia nyumbani kwa bomba, kiasi cha lita 8 hutoka tena zikiwa chafu. Familia iliyokuwa ikitumia ndoo 3 au 4 kwa siku ilikuwa na uchafu wa ndoo 3 au 4. Familia iliyofungiwa bomba, ikaweka bafu na choo cha kuvuta maji, ina uchafu wa pipa zima. Na pipa hilo lazima liende mahali.

Kwa sasa linakwenda ardhini. Nchi hii ilijifunza kuchimba choo kwa juhudi kubwa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo vikundi vya wananchi vilikusanyika penye redio vijijini, vikasikiliza, vikajadiliana, halafu vikaenda kuchimba. Mwaka 1974 kipindupindu kiliingia nchini, na kila mara kilipozuka tena baada ya hapo tulikumbushwa kwamba kazi ile haijakwisha. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilikuwa mjukuu wa ile ya kwanza. Kijijini Karagwe, choo cha shimo katikati ya kibanja chenye nafasi ni mpango wa busara. Shimo likijaa hufukiwa, jingine huchimbwa hatua 20 mbele, na mgomba uliopandwa juu ya lile la zamani hustawi kuliko yote. Hapo hakuna haja ya bwana afya wala ya sheria.

Taabu huanza pale kibanja kinapogeuka kuwa viwanja. Nyumba zikisongamana, hakuna tena hatua 20 za kuchimba shimo jipya. Shimo lililojaa sharti linyonywe na gari, au litapishwe. Neno hilo la kutapisha choo lilianza mijini na linaeleweka kila mahali: ni kutoboa ukuta wa shimo usiku mvua inaponyesha, ili mafuriko yabebe kilichomo. Katika mji uliojengwa mlimani, kama miji mingi ya Karagwe na Kyerwa ilivyojengwa, anayetapisha choo chake juu ya kilima anampelekea jirani wa chini. Na jirani wa chini kabisa, tukizidi kushuka, ni mtu wa visiwani.

Je, sheria inasema nini? Inasema mengi, wala hatuwezi kujitetea kwamba nchi haina sheria. Tangu mwaka 1974 tulikuwa na Sheria ya Matumizi ya Maji, Na. 42 ya mwaka huo, na marekebisho yake ya mwaka 1981 ndiyo yaliyoleta viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa mitoni na ziwani. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inayomtaka yeyote anayeelekeza majitaka kwenye mto, ziwa au maji ya ardhini awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Bodi ya huku kwetu ni ya Bonde la Ziwa Victoria, na makao yake yako Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, nayo ndiyo iliyozaa kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya wa halmashauri uwezo wa kuingia, kukagua na kushitaki. Na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, imeziweka mamlaka za maji mijini chini ya usimamizi wa EWURA katika huduma ya majisafi na katika huduma ya kuondoa majitaka.

Viwango navyo viko wazi. Kiwango cha taifa kinataka majitaka yanayomwagwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo cha siku 5. Kipimo hicho, kwa maneno ya kawaida, huonyesha ni kiasi gani cha hewa kitakachonyang'anywa samaki na vijidudu vinavyoozesha uchafu ule. Majitaka mabichi ya nyumbani huhitaji mamia ya miligramu, na tope la shimo la choo lililokaa miaka huhitaji maelfu. Kiwango kinataka pia vitu vinavyoelea ndani ya maji visizidi miligramu 100 kwa lita, na vijidudu vya jamii ya koliformu visizidi 10,000 katika mililita 100. Basi gari moja la tope la vyoo likimwagwa mtoni bila kusafishwa huvunja kiwango hicho mara nyingi sana kwa dakika chache.

Tatizo letu ni kwamba sheria hizi zote, ukizisoma kwa makini, zinalitafuta bomba. Zinamtafuta mwenye kiwanda aliye na mfereji, mamlaka iliyo na mtandao, mdomo mahali fulani ambapo mkaguzi anaweza kusimama na chupa yake, akateka, akapeleka maabara. Kwa Mwanza, Arusha, Moshi, Tanga au Dar es Salaam, zilizo na mitandao ya majitaka, sheria imeshika mahali pa kushika, japo hata huko mitandao hiyo inahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi. Karagwe na Kyerwa hakuna mdomo wa bomba wa kukagua. Kuna maelfu ya mashimo, na baadhi ya nyumba za wageni, shule na hospitali zina makaro yaliyojengwa na mafundi kwa kipimo cha macho. Mkaguzi wa bodi akitoka Mwanza na chupa yake, atateka wapi?

EWURA wenyewe walikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2020 walitoa mwongozo kwa mamlaka za maji juu ya vyoo visivyounganishwa na mtandao na juu ya tope lake, kuanzia shimo lilivyojengwa, gari linalonyonya, hadi mahali pa kumwaga na kusafisha. Tunawapongeza kwa hilo. Lakini mwongozo haumwagi wala hausafishi. Unahitaji gari, na gari linahitaji mahali pa kwenda. Hapa ndipo mzizi wa fitina ulipo. Mwenye gari la kunyonya asipoonyeshwa mahali halali pa kumwagia, atamwaga porini, bondeni au kwenye shamba la mtu aliyekubali kwa malipo kidogo. Kumtoza faini mtu ambaye hukumpa pa kwenda ni kutafuta mapato, wala si kulinda maji.

Na shimo la mji mdogo lina mabwana wengi. Bwana afya anasema tope ni la mamlaka ya maji. Mamlaka inasema kiwanja ni cha halmashauri. Halmashauri inasema kibali ni cha bodi ya bonde, na bodi inasubiri ombi ambalo hakuna aliyeandika. Kila mmoja anasema kweli kwa mujibu wa sheria yake. Tusingependa kusikia pendekezo la kutunga sheria ya tano ili kuzipatanisha hizo nne. Halmashauri za wilaya zilipewa uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria Na. 7 ya 1982, na sheria ndogo ya kurasa chache inatosha kusema nani anaandikisha magari ya kunyonya, yanamwaga wapi, na dereva anaonyesha stakabadhi gani kwamba kweli amemwaga pale.

Yapo mengine ya kutazamwa zaidi ya vyoo, nayo hayana uzito sawa. Kahawa, ambayo kwingineko duniani huchafua mito kwa maji ya kuoshea na kumenyea, kwetu haina dhambi kubwa. Robusta nyingi ya Karagwe na Kyerwa hukaushwa juani pamoja na maganda yake, na maganda hayo hurudi shambani. Pakijengwa mitambo ya kumenya kahawa kwa maji, hapo kibali kitafutwe kabla ya mtambo kuwaka. Machinjio ni jambo jingine kabisa. Damu ni uchafu mzito kuliko majitaka ya choo, na karo la machinjio dogo hujaa haraka. Hospitali za Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro zimehudumia vizazi na vizazi. Majitaka ya hospitali yoyote, hapa au popote, yastahili kukaguliwa kwanza, kwa sababu yana vijidudu vya wagonjwa na mabaki ya dawa. Kyerwa kuna uchimbaji wa bati, na mchanga wa bati huoshwa kwa maji. Uchafu wake ni tope la udongo, hauambukizi kipindupindu, lakini unafukia vijito ambavyo watu wa mabondeni wanavitegemea.

Sasa tuseme linalowezekana. Hatuwaombi viongozi wajenge mtandao wa mabomba makubwa Kayanga. Ungegharimu mno, na katika mji mdogo wenye nyumba zilizotawanyika mlimani ungekaa mtupu. Tunaomba mabwawa. Mabwawa ya kutulizia majitaka hayahitaji umeme wala vipuri kutoka ng'ambo. Uchafu mzito hutuama katika bwawa la kwanza lenye kina kirefu, jua na mwani hufanya kazi katika la pili, na vijidudu hufa katika la mwisho lililo pana na la kina kifupi. Baada ya hapo maji yanaweza kupitishwa katika bustani ya matete iliyotengenezwa kwa changarawe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuonyesha, Iringa na Moshi miongoni mwa mahali pengine, kwamba matete ya kawaida yakipandwa kwa mpango husafisha majitaka vizuri. Watu wa Karagwe, ambao wamezungukwa na mabwawa ya mafunjo, hawahitaji kufundishwa kwamba maji yaingiayo kwenye mafunjo yakiwa mekundu hutoka yakiwa meupe.

Na pale nyumba zinapozidi kusongamana, mfano uko karibu. Mwanza, kwenye vilima vya mawe ambako gari la kunyonya haliwezi kupanda, yalilazwa mabomba membamba ya gharama nafuu, yakipita uani na vichochoroni badala ya barabarani. Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, uliingizwa pamoja na Sengerema na Geita katika awamu ya pili ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa maji na usafi wa mazingira katika miji ya ukanda wa ziwa. Wanavisiwa basi wana haki ya kuuliza swali la kindugu: kama mji wa kisiwani uliona haja ya kushughulikia uchafu wake pamoja na maji yake, kwa nini mji ulio juu ya mto upewe maji kwanza na kuachiwa uchafu baadaye?

Lakini swali hilo litakuwa na nguvu zaidi likiulizwa na mtu aliyefagia kwake. Tunawaambia wenzetu wa visiwani bila kuficha: katika makambi mengi ya uvuvi choo ni jiwe la ufukoni, na maji ya kunywa huchotwa hatua chache kutoka jiwe hilo. Sababu tunazijua. Ardhi ni mwamba, kambi ni ya msimu, mwenye kambi hataki kutumia fedha mahali atakapohama kesho. Sababu hizo hazimzuii mtoto kuharisha. Mita 60 zilizowekwa na sheria ya 2004 ni mita 60 kwa kila mtu, na kipindupindu cha kambini hakitoki Karagwe, kinatoka kambini.

Yabaki ya fedha. Kwa kawaida mamlaka ya maji hukusanya bei ya maji kwa idhini ya EWURA, na mwenye kuunganishwa na mtandao wa majitaka hulipia huduma hiyo pia. Asiyeunganishwa hulipa mwenye gari mfukoni mwake kila shimo linapojaa, mara nyingi kwa mkupuo mkubwa unaomshinda, na kushindwa huko ndiko kunakoleta kutapisha. Ingefaa gharama ya kunyonya igawanywe kidogo kidogo katika ankara ya maji ya kila mwezi, ili siku gari linapohitajika liwe limekwisha kulipiwa. Mpango wa namna hiyo unahitaji hesabu nzuri na uaminifu, maana mwananchi aliyelipa miaka 3 akaja kuambiwa gari ni bovu hatalipa tena. Pia Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini mwezi Novemba 2003 na Kenya, Uganda na Tanzania, ilikubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni hiyo isiishie kwa mwenye choo cha shimo. Ianze na taasisi: shule za bweni, magereza, hospitali, masoko na ofisi zenyewe za serikali, ambazo makaro yake hujaa kabla ya ya mtu mwingine.

Katika sensa ya 2012 Karagwe na Kyerwa zilikuwa na watu zaidi ya 320,000 kila moja, na sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Kagera mzima ukiwa na karibu watu milioni 3. Viwanja vilivyo pembezoni mwa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Rubwera vinapimwa na kuuzwa. Eneo la ekari chache linalofaa mabwawa, lililo chini ya mji ili uchafu ushuke wenyewe, mbali na chemchemi na lenye udongo wa mfinyanzi, leo bado ni shamba au pori. Likishajengwa nyumba halitapatikana tena ila kwa fidia ambayo halmashauri haitakuwa nayo.

Kwa hiyo tunawaomba madiwani wa wilaya zote mbili, bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai inapokuja mezani, waulize kabla ya jambo jingine lolote kama eneo hilo limetengwa, liko wapi, na hati yake ina jina la nani. Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria isingoje ombi la kibali. Imtume mtu wake aende na maafisa wa maji na mabwana afya wa wilaya kulikagua eneo hilo, wakitembea kwa miguu kutoka sokoni hadi kijito cha kwanza. Na chupa ya kutekea maji ibebwe siku hiyo hiyo, ili kipimo cha kijito kijulikane kabla bwawa la kwanza halijachimbwa, na baada ya miaka 5 pawe na kitu cha kulinganisha.